Naomba ushauri: maua yangu ya dalia niyatoe nje lini?

Habari zenu ndugu. Nilihamia Uingereza mwaka jana nikitokea Lushoto, ambako mama anachomeka kijiti cha waridi mvua za masika zikianza, na kinaota. Huku sasa ni Aprili, majira ya kuchipua, mchana jua hadi unavua koti. Nikadanganyika. Nilitoa nje miche ya bangi mwitu (ile ya maua ya njano, msinielewe vibaya!), usiku mmoja barafu ikaidondokea, asubuhi yote imekuwa kama mchicha uliochemshwa.

Sasa nina viazi vya dalia (mizizi yake minene inayochipua) kwenye vyungu dirishani jikoni, vimechipua urefu wa kiganja. Nisubiri hadi mwisho wa Mei, au nivitoe sasa na kuvifunika kitambaa usiku?

Tatizo jingine ni nafasi bustanini. Tulipu, maua yanayoota kutoka kwenye kitunguu ardhini, zimeshapukutisha maua, majani yamebaki yamelala ovyo. Jirani, bibi mmoja mzoefu, ananikataza kuyakata hadi yawe ya njano, eti ndiyo yanayolisha kitunguu cha chini kwa ajili ya mwakani. Namwamini, ila je, naweza kupanda dalia katikati yake bila kuviumiza hivyo vitunguu?