Kikundi cha Ukoo wa Mzee Kombo

Mjomba Hamisi: Assalam alaykum wote. Nimeisikiliza sauti ya Zawadi kuhusu yule bibi mgonjwa kazini kwake aliyemkataza asimguse kwa mikono myeusi. Pole mwanangu. Ndiyo maana nasema siku zote, ubaguzi ni roho mbaya ya mtu. Mpishe, wema wapo.

Zawadi (Minnesota): Waalaykum salaam, shikamoo Mjomba. Ahsante. Yule alikataa, akaja mwenzangu akamwosha, yakaisha. Kinachoniuma mimi ni habari ya figo.

Salma: Figo gani tena dada?

Zawadi: Maabara inapima kreatinini kwenye damu, yaani taka ya misuli inayochujwa na figo, halafu kompyuta inapiga hesabu ya nguvu ya figo. Huku Marekani, mpaka 2021 maabara nyingi zilitumia fomula inayouliza kama mgonjwa ni mweusi. Akiwa mweusi jibu lilikuwa linazidishwa kwa 1.16 hivi. Eti weusi tuna misuli mingi.

Mjomba Hamisi: Kuzidishiwa si nafuu?

Zawadi: Nafuu iko wapi Mjomba, unaonekana mzima na wewe mgonjwa! Kama hujaanza kusafishwa damu, muda wako kwenye foleni ya kupandikizwa figo unaanza kuhesabiwa namba hiyo ya nguvu ya figo ikifika 20 au chini. Mzungu mwenye 19 alikuwa anaingia. Mweusi wa umri uleule, damu ileile, alikuwa anaandikiwa 22, anaambiwa bado. Na figo huku zinafeli kwa weusi zaidi kuliko kwa Wazungu.

Shangazi Mwanaidi: Yarabi! Na daktari yupo?

Zawadi: Daktari alikuwa anaiona 22 tu shangazi. Wengi ni watu wema kabisa, na wamo weusi kama sisi.

Juma: Lakini da Zawadi, hilo si kosa la kisayansi tu? Walikuwa na takwimu zao.

Zawadi: Walikuwa nazo. Wakachukua wastani wa weusi waliopimwa, wakamvika kila mweusi, awe Mmakonde, Mjaluo au mtoto wa mama Mzungu. Misuli yake nani kaipima? Fomula ya kwanza ya namna hiyo ni ya 1999. Kosa likielemea watu walewale miaka zaidi ya 20, wewe Juma utaliitaje?

Mjomba Hamisi: Hata hivyo kuna mtu aliyeiandika. Fomula haijiandiki.

Zawadi: Kweli Mjomba. Ila huyo atubu au afe, kompyuta ingeendelea kuzidisha. Kilichosaidia ni kubadili kanuni. 2021 wataalamu wa figo wakapitisha fomula isiyouliza rangi, na kuanzia Januari 2023 hospitali za upandikizaji zikatakiwa kupitia mafaili ya weusi walioko kwenye foleni na kuwarudishia muda wao. Maelfu wamerudishiwa.

Salma: Na waliokufa wakisubiri?

Zawadi: Hao ndio wanaoniliza, Salma.

Shangazi Mwanaidi: Hiki kipimo cha oksijeni cha kidoleni alichonunuliwa baba yenu, nacho kinauliza rangi?

Zawadi: Hakiulizi, ila mwanga wake unapita kwenye ngozi. Utafiti wa huku wa 2020 ulikuta kinashindwa kuiona oksijeni iliyoshuka kwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa Wazungu. Baba akihema kwa shida msibishane na namba, mpelekeni hospitali.

Mjomba Hamisi: Leo kinasema 94. Napita kwake sasa hivi nimwone mwenyewe.