"Nenda kauze korosho zako": jibu nililopewa leo na muuza dawa

Wanajukwaa, ninaandika mikono ikinitetemeka. Nimetoka sasa hivi katika duka lile la dawa la hapa Mtwara Mjini, ambalo kila mzazi mwenye mtoto chuoni analifahamu, kumrudishia mwenyewe vidonge vinne nilivyovikuta chini ya mto wa mwanangu, vimefungwa kwa karatasi ya daftari, bila jina wala maelezo ya dozi. Badala ya kuniomba radhi, alinijibu mbele ya wateja wote: "Mama, nenda kauze korosho zako, mambo ya shule huyawezi."

Korosho! Ada ya kijana huyu imetoka wapi kama si kwenye korosho hizo?

Mwanangu amekesha siku tatu za mitihani, hali chakula, midomo imemkauka, na nilipomwekea sikio kifuani moyo ulikuwa unadunda kama ngoma za jando za vijiji kumi. Anasema ni Ritalin, na kwamba bweni zima wanameza. Dawa hiyo ina wenyewe: daktari humwandikia mgonjwa anayeshindwa kutulia na kuzingatia, nayo inadhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Mzima akiimeza humfukuza usingizi, ilhali usingizi ndio unaoyafanya masomo yakae kichwani. Wangu alitoka kwenye mtihani hakumbuki hata swali la kwanza. Halafu mimi ndiye nikauze korosho!

Babu wa Mikindani: Pole sana, mwanangu. Mjukuu wangu naye aliuziwa hapo hapo, akahesabiwa vidonge kwa vidole vilivyotoka kushika noti.

Binti Shangani: Shikamoo mama. Samahani, lakini kijana hakushikiwa kisu. Je, si wewe uliyemwambia asirudi nyumbani bila alama za juu?

Mama Wawili, Lindi: Afadhali wako anameza vidonge vinne. Wangu hunywa makopo matano ya vinywaji vya kuongeza nguvu kwa usiku mmoja, na hayo huuzwa hata gengeni.

Mkulima wa Newala: Huyo anayetuma watu wakauze korosho atuambie pia tutalipwa lini. Zangu zilipita mnadani zamani, na ada ya binti yangu bado ninadaiwa.

Babu wa Mikindani: Hata wewe hujalipwa? Ulipeleka daraja la kwanza au la pili?