Modeli ya shaba yenye hita kupima joto analopoteza ndege, namba zake zinaaminika?

Wakuu habari. Nataka kulinganisha sehemu mbili wanapolala ndege usiku, moja iko wazi na nyingine ndani ya kichaka, nijue wapi wanapoteza joto zaidi. Kuwashika wenyewe sitaki maana ukimshika tu anashtuka na mwili unabadilika. Nimesoma unaweza kutengeneza ndege wa shaba, unamvika ngozi yenye manyoya, ndani unaweka hita. Je, hita ni lazima? Na ile namba naweza kuiita joto analopoteza ndege mwenyewe?

Jibu 1
Bila hita unapata jotoridi ambalo mwili wa umbo na rangi ile ungefikia pale kama hauzalishi joto, yaani jua, hewa, upepo na ardhi kwa pamoja. Watafiti Bakken na Gates walishaeleza hilo 1975, na kwa mijusi inatosha kabisa. Ila ndege anajizalishia joto, kwa hiyo weka hita na thamostati (kifaa kinachoshikilia jotoridi lisibadilike), iseti kama 40°C, urekodi umeme. Modeli ikishatulia, wati zinazoingia ndo zinazotoka.

Jibu 2
Naongezea, na hili tafadhali usilipuuze. Ndege hai anatutumua manyoya, anaficha kichwa, anapunguza damu inayoenda miguuni, tena anapoteza maji akipumua, modeli haifanyi hata kimoja. Ukitaka kusema "ndege anapoteza wati kadhaa" lazima kwanza uilinganishe na ndege hai aliyepimwa oksijeni anayotumia kwenye chemba, kwa jotoridi na upepo uleule. Usipofanya hivyo, ishia kwenye kulinganisha sehemu na sehemu, na hapo modeli ni nzuri mno, inanasa hata kitu ambacho kipimajoto cha hewa hakioni: usiku usio na mawingu, mgongo ulio wazi unatoa mionzi kwenda angani na joto linakwisha haraka, wakati chini ya majani sivyo.

Muulizaji
Asante sana, basi naenda na kulinganisha. Modeli mbili zinatosha?

Jibu 2
Zinatosha kuanzia ila hazitafanana hata ukizitengeneza kwa mikono ileile, ngozi moja itakuwa na manyoya mazito zaidi. Ziweke kwanza pamoja sehemu moja uone tofauti yao, halafu uwe unazibadilishana nafasi. Na waya ziwe nyembamba, nazo zinavuta joto nje.

Jibu 3
Mi niko upande wa vyura, huko shaba kavu haifai maana ngozi yao inavukiza maji muda wote. Tunatumia modeli za agari (aina ya jeli yenye maji), nayo inakauka, kwa hiyo lazima uipime uzito mara kwa mara.