Zalipie, Poland: maua ya ukutani yalianzaje?

Swali: Wakuu, kile kijiji cha Zalipie karibu na Tarnów, maua yanayochorwa ukutani yalianza kama pambo tu? Na kabla ya rangi za dukani walichorea nini?

Jibu 1: Chanzo ni masizi. Nyumba za mbao hazikuwa na dohani, moshi ulitanda ndani mpaka kuta zikawa nyeusi tii. Wanawake wakawa wanapiga madoa ya chokaa juu ya ule weusi. Majiko yenye dohani yalipoingia, ukuta ukabaki mweupe, na madoa yakageuka maua.

Jibu 2: Rangi nyeusi ilikuwa masizi yenyewe, kahawia ni udongo. Gundi ya kushikisha rangi: maziwa, ute wa yai, au maji yaliyochemshiwa madonge ya unga. Hapo ndipo wengi wanakosea wakijaribu. Masizi yana mafuta, hayakubali maji matupu. Yanaelea, na yakikauka unayafuta kwa kidole. Brashi walitengeneza kwa nywele za mkia wa ng'ombe, au kijiti kilichopondwa ncha.

Jibu 3: Msisahau Malowana Chata ("Nyumba Iliyochorwa"), shindano la nyumba zilizopambwa, lipo tangu 1948. Hufanyika wikendi ya baada ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ndiyo maana kuta hupakwa upya kabla ya hapo. Hata visima na vibanda vya mbwa vina maua! Nyumba ya Felicja Curyłowa (1904–1974), mchoraji maarufu wa kijiji hicho, sasa ni makumbusho. Anzia hapo, kisha Dom Malarek, ukumbi wa wachoraji wenyewe.