Mashine ya boti HP 15 ya zamani haiwaki, nimevuta kamba hadi malengelenge

Mrithi_wa_Mashine

Wakuu, habari zenu. Nina mashine ya boti ya kufunga nyuma, HP 15, silinda mbili, ile ya kuchanganya petroli na oili. Ilikuwa ya marehemu mjomba. Umri wake siujui, kibandiko cha ubavuni kimefutika. Ninachojua ni kwamba ilikuwa inafanya kazi vizuri mpaka mjomba alipoanza kuugua. Tangu hapo imekaa stoo kama miezi minane, na tenki likiwa na mafuta nusu.

Juzi nimeitoa, nikaifunga, nikakamua kile kipira cha mafuta hadi kikawa kigumu, nikafunga choki, nikavuta kamba. Kimya. Leo ni siku ya pili. Kiganja kimetoka malengelenge, bega ndiyo usiseme, na yenyewe hata kukohoa haijakohoa. Plagi nimezitoa, naziona safi tu. Nyumbani wameshaanza kuiita mke mwenza.

Kuna jamaa kaniambia ni CDI, yaani kile kisanduku cha umeme kinachopeleka moto kwenye plagi, niagize nyingine. Kabla sijatoa hela, naombeni ushauri.

Kasi_Baharini

CDI hiyo mkuu, usijisumbue. Yangu ilikuwa hivyohivyo, nikaweka mpya, ikawaka mvuto wa kwanza. Badilisha na plagi.

Fundi_Mstaafu

Kijana, lipumzishe hilo bega kwanza.

Huyo wa juu huenda CDI yake ilikufa kweli, simbishii. Ya kwako hakuna aliyeipima. Mashine iliyozimwa nzima ikalala miezi minane na mafuta tumboni, mimi naanza kuitilia shaka koo, yaani njia ya mafuta, umeme baadaye. Petroli ikikaa, ile sehemu nyepesi inaruka, kinachobaki kinakuwa kama gundi.

Umesema plagi ni "safi". Neno hilo ndilo lililonifanya nivae miwani. Baada ya siku mbili za kuvuta na choki imefungwa, plagi inatakiwa itoke imelowa na inanuka petroli. Sasa hizo zako ni safi au ni kavu? Zikiwa zimelowa, mafuta yanafika ila moto hakuna, au umeizamisha kwa choki. Zikiwa kavu, mafuta hayafiki kwenye silinda, na hapo hata ukifunga CDI tatu utavuta kamba mpaka mwakani.

Na usinicheke kwa hili: ile klipu ya kamba ya usalama kwenye swichi ya kuzimia ipo mahali pake? Gia ipo huru? Nimewahi kufungua mashine nzima kumbe klipu iko mfukoni mwa mwenye boti.

Mrithi_wa_Mashine

Shikamoo mzee wangu. Klipu ipo, gia ipo huru. Plagi nimezitoa tena sasa hivi: kavu kabisa, harufu ya petroli hakuna. Ndiyo maana niliziona safi! Cheche nazipimaje bila kifaa?

Fundi_Mstaafu

Marahaba. Toa plagi zote mbili, zirudishe kwenye kofia zake, kisha chuma cha kila plagi kiguse chuma kitupu cha injini, pasipo rangi wala kutu. Ziweke mbali na matundu ya silinda, maana humo mna mvuke wa petroli. Zote mbili ziguse. Ukivuta kamba huku waya mmoja unaning'inia hewani, unaweza kuiua hiyo CDI wanayokuuzia. Usizishike kwa mkono. Simama kivulini, vuta kwa nguvu. Cheche ya buluu inayolia "ta" inafaa. Ya njano iliyolegea inatia shaka.

Ukipata buluu, chukua petroli mpya iliyochanganywa oili, tia nusu kijiko cha chai kwenye kila silinda, rudisha plagi, futa yaliyomwagika, subiri kidogo, kisha vuta. Sigara mbali. Na usipulize ile dawa ya kopo ya kuwashia injini. Kwenye mashine ya namna hii inasafisha oili iliyoko kwenye kuta za silinda, na oili hiyo ndiyo ulinzi pekee ilio nao.

Kasi_Baharini

Kwenye kuchanganya aongeze oili nyingi mzee, mashine zikizeeka zinapenda oili.

Fundi_Mstaafu

Mashine haipendi chochote, inafuata kipimo ilichoundiwa. Nyingi za aina hii ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Zipo za zamani zaidi zinazotaka 25 kwa 1, ndiyo mililita 40. Atafute kitabu cha modeli yake, namba huwa imegongwa kwenye kibati cha bano la kufungia. Oili ikizidi, plagi zinachafuka. Ikipungua, pistoni inakwaruzika. Tuendelee.

Mrithi_wa_Mashine

WAKUU. Imewaka! Sekunde mbili tu, ikatoa moshi, ikafa. Cheche zote mbili ni buluu. Nimerudia kutia mafuta, ikawaka tena, ikafa tena. Lakini sielewi: kama mafuta hayafiki, mbona kipira kinakuwa kigumu? Si ndiyo dalili kwamba kabureta imejaa?

Fundi_Mstaafu

Hapo ndipo kipira kinapodanganya watu. Kinakuwa kigumu pale mlango wa kabureta unapofungwa. Kawaida mlango huo unafungwa na boya: mafuta yakijaa kwenye bakuli, boya linapanda na kusukuma sindano, sindano inaziba njia. Lakini sindano ikinata kwa gundi ya mafuta ya zamani, njia imezibwa na bakuli ni tupu. Kwenye kipira utahisi vilevile.

Chini ya bakuli kuna skrubu ya kumwagia. Kinga kikombe, ifungue. Yakitoka ya kutosha, bakuli limejaa, tatizo ni jeti, vile vijitundu vya kupitishia mafuta ndani ya kabureta. Yakitoka matone, ni sindano.

Vyovyote vile kabureta inafunguliwa. Kabla ya kuitoa skrubu ya hewa, ikaze taratibu mpaka igote huku unahesabu mizunguko, uandike. Ndiyo utairudishia hapohapo. Jeti zizibue kwa uzi mmoja wa waya laini wa shaba. Ukitumia sindano ya kushonea utapanua tundu, halafu utarudi hapa kuuliza kwa nini inakunywa mafuta.

Na yale mafuta ya tenki yamwage yote, usiyaonee huruma.

Mrithi_wa_Mashine

Ripoti. Yalitoka matone manne ya rangi ya chai ya rangi, yananuka kama vanishi. Sindano ilikuwa imeganda, nimeivuta kwa koleo ndogo ndipo ikaachia. Jeti ndogo nayo ilikuwa imeziba, ukiinua kwenye mwanga huoni upande wa pili. Skrubu ya hewa: mzunguko mmoja na nusu, nimeandika ukutani. Nimeosha, nimefunga, nimeweka petroli mpya, nikaitumbukiza kwenye pipa la maji. Mvuto wa nne ikawaka na kutulia. Jirani alikuja kuangalia kama nimeunguza nyumba.

Sasa shida mbili. Baada ya dakika kama tatu inapoteza nguvu na kuzimika, na kipira nakikuta kimenywea kama zabibu kavu. Pili, haikojoi. Kile kijitundu cha pembeni hakitoi maji ya kupoozea.

Dada_Nahodha

Kaka, fungua kitundu cha pumzi kwenye mfuniko wa tenki! Umekifunga wakati wa kubeba, sivyo? Mashine inanyonya, hewa haiingii, kipira kinanywea. Mimi ilinizimia hivyo katikati ya maji na abiria sita, nikapiga makasia nusu saa ndipo nikakumbuka.

Mrithi_wa_Mashine

Aisee dada. Kilikuwa kimefungwa. Naona aibu.

Fundi_Mstaafu

Aibu weka kando, ila usiiwashe tena mpaka maji yatoke. Kwanza hakikisha maji ya pipa yamefunika matundu ya kunyonyea pale chini, juu ya propela. Kisha chokonoa kile kijitundu kwa waya. Bado hakitoi? Shusha mguu, ile sehemu ya chini yenye propela, uitazame impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoozea. Mpira wake ukikaa bila kazi unakakamaa na mapanga yanabaki yamelala upande mmoja.

Mrithi_wa_Mashine

Nyigu! Alijenga kwa udongo humohumo ndani ya kijitundu. Nimechokonoa, likatoka donge, kisha maji, ila kamkojo kembamba ka mgonjwa. Imekwenda dakika moja tu nikaizima. Impela naagiza, nitashusha mguu Jumamosi, nitaweka picha za mapanga yake.

Kasi_Baharini

Hongera mkuu. Ila hiyo CDI nayo uiangalie.