Kesi ilishaisha kitambo, kwenye fomu ya kazi nijaze "Hapana"?

Kibarua Mtarajiwa: Wakuu, heshima kwenu. Kampuni moja ya ulinzi imeniita, ila fomu yao inauliza: "Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai?" Mwaka 2016 nilishtakiwa mahakama ya mwanzo, shambulio la kawaida, kesi ikaisha. Kushtakiwa si kutiwa hatiani, au nimekosea? Fomu inarudishwa kesho, usingizi sina. Matusi hapana.

Kisoda: Hujakosea. Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inapiga marufuku aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike ana hatia. Ukikamatwa ni mtuhumiwa, ukisomewa shitaka ni mshtakiwa. Hatia anaitamka hakimu, si OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, wala mjumbe wa nyumba kumi. Sasa, yako iliishaje?

Mama Jamila: Lindo lenyewe mshahara unakuja kwa mafungu. Nenda kalime alizeti.

Mzee wa Pweza: Bora wewe. Shemeji yangu alikaa mahabusu miaka, kesi isiyo na dhamana. Kila baada ya siku 14 anapakiwa kwenye karandinga, "upelelezi haujakamilika", anarudishwa. Siku DPP, Mkurugenzi wa Mashtaka, alipoondoa shitaka tulimfuata na shati jipya. Katoka mlangoni, hata hajalivaa, wakamkamata tena kwa shitaka lilelile. Shati likarudi nyumbani kwenye mfuko wa rambo. Kumbe kesi ikiondolewa kabla hujajitetea, unaachiwa tu, wanaweza kukufungulia upya. Mpaka leo mtaani wanamwita jambazi, na hakuna hakimu aliyewahi kumwona na hatia.

Kisoda: Pole sana mzee. Mleta uzi, narudia: ilifutwa, uliachiwa huru, au ulipatikana na hatia?

Kibarua Mtarajiwa: Mbona unanikazania hivyo mkuu? Haya, nilikiri. Wakili alisema nikiri tuwahi kuondoka. Nikaambiwa faini laki moja au jela miezi mitatu, nikalipa palepale. Jela sikuikanyaga, kwa hiyo hatia iko wapi? Halafu kijana wa steshenari nilishamwambia achape "Hapana".

Kisoda: Ipo hapohapo. Ukikiri, hakimu anakutia hatiani kwa maneno yako mwenyewe, ndipo anatoa adhabu. Faini ni adhabu kama kifungo, na huwezi kupewa adhabu kabla ya hatia. Rufaa ilikuwa ndani ya siku 30, wewe umekaa kimya miaka yote hii.

Mtumishi wa Bwana: Umekiri mbele ya hakimu, sasa unakana kwenye karatasi. Tubu kijana.

Ngosha Original: Ngojeni kwanza. Wakili, mahakama ya mwanzo, 2016? Wakati huo mawakili walikuwa hawaruhusiwi kule. Hii chai, umetunga.

Mama Jamila: Tena chai ya rangi, hata tangawizi haina.

Mzee wa Pweza: Na mimi nimemwaga habari za familia hapa bure.

Kibarua Mtarajiwa: Jamani si chai! Alikuwa kishoka, wakili wa bandia. Ndani hakuingia, alikaa nje chini ya mwembe na bahasha yake ya kaki, akanila elfu arobaini. Yeye ndiye aliniambia faini haihesabiki.

Ngosha Original: Kishoka naelewa, wamejaa. Lakini ungesema mapema, siyo tunakung'oa maneno kama meno.

Mtumishi wa Bwana: Arobaini si ungetoa sadaka.

Kisoda: Achaneni na sadaka. Kampuni ya ulinzi lazima itataka cheti cha polisi cha alama za vidole. Kule kituoni walikupaka wino?

Kibarua Mtarajiwa: Vidole vyote kumi, siku mbili wino hautoki. Ila mkuu, vilikuwa vibao viwili tu, na mpangaji mwenzangu mwenyewe alishanisamehe. Hivyo navyo ni vya kuandika?