Gari limeoshwa, rangi bado inakwaruza kiganja: klei itanisaidia au itaniharibia?

Nyeusi_Tii:

Wakuu, habari za humu. Nina gari jeusi, rangi ya kiwandani, halijawahi kupigwa rangi upya. Linalala nje chini ya mti, na njia yangu ya kila siku inaambaa na reli. Nikimaliza kuliosha linang'aa vizuri tu ukilitazama kwa mbali. Shida ni nikipitisha kiganja juu ya boneti: kunakwaruza kama ukuta uliopigwa plasta usiopakwa rangi. Milango kwa juu ina nafuu, ila chini, jirani na matairi, ndiyo kabisa.

Nimeambiwa nitafute klei, yale madonge wanayopitisha juu ya rangi kabla ya polishi. Jirani yangu naye ananiapia kwamba nikiigusisha kwenye rangi nyeusi nitajuta, mistari itabaki mpaka siku nauza gari. Mwingine anasema huo ni msasa tu uliopewa jina zuri.

Naomba aliyeishika kwa mkono wake anifafanulie. Inatoa nini hasa? Itanitolea na ile mikwaruzo ya mviringo inayojitokeza jua likipiga? Na maji ya sabuni yanatosha, au lazima ninunue kile kilainishi chake?

Fundi_Mng'aro:

Mkuu, tuanze na hicho kinachokukwaruza, maana ukikijua utaelewa kwa nini shampuu imekishindwa. Shampuu inaondoa kilichokaa juu ya rangi. Hicho chako kimeshika kwenye rangi yenyewe. Treni ikipita, magurudumu na breki zake vinasagana na chuma na kurusha chembe ambazo huzioni kwa macho. Breki za gari lako zinafanya vilevile, ndiyo maana jirani na matairi ndiko kubaya zaidi. Chembe inatua, inajichomeka kwenye klia, lile tabaka angavu la juu kabisa la rangi, umande unaikuta pale, inaanza kushika kutu. Gari lingekuwa jeupe ungeona vidoa vya rangi ya chungwa, ila kwenye jeusi ni kiganja tu kinachokwambia. Halafu ongeza utomvu wa huo mti wako, na lami iliyorushwa na matairi.

Klei si udongo wa mfinyanzi. Ni kitu cha jamii ya plastiki laini kinachonata kidogo, kimekandwa pamoja na unga laini mno wa kusugulia. Ilianzia Japani, na hati miliki zake za Marekani zilitolewa miaka ya 1990 kwa jina la Tadao Kodate. Ukilowanisha rangi kwa kilainishi ukaipitisha, inateleza. Ikikutana na kitu kilichochomoza, inakishika na kuking'oa. Penye ulaini haina cha kushika, inapita zake.

Kwa hiyo mikwaruzo ya mviringo, hapana, haitatoka. Ile ni mifereji iliyochimbwa ndani ya klia, na klei inashughulika na kilichochomoza tu. Mifereji ni kazi ya polishi. Wauzaji wengine hapa wanapenda kukaa kimya, mtu anasugua klei mchana kutwa akingoja mikwaruzo ipotee, anaishia kujiongezea mingine.

Huyo wa msasa namjibu hivi: msasa unakata kila unapopita. Rangi ya kiwandani yote, toka praima mpaka klia, kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150 hivi (mikroni elfu ndiyo milimita moja), na klia peke yake ni kama 40 au 50. Hapo hakuna pa kuchezea. Klei laini yenye kilainishi cha kutosha haili klia kwa kiasi cha kukunyima usingizi.

Jirani yako ndiye ana hoja. Klei ikishang'oa ile chembe, chembe inabaki kwenye uso wa klei. Ukiendelea kusugua bila kuangalia, unaiburuta hiyo hiyo juu ya rangi. Kwenye gari la kijivu hutaona kitu. Kwenye jeusi utaona ukungu mwembamba na vimistari ukitazama kwa pembeni. Ni vya juujuu, polishi ya kumalizia inavitoa, ila usianze kazi hii kwenye gari jeusi kama huna mpango wa polishi baadaye.

Kichwa_Ngumu:

Mambo mengi. Mimi naweka sabuni ya vyombo kwenye ndoo, nachovya klei, nasugua gari zima kwa raha zangu. Gari ni la kijivu, halijalalamika. Hivyo vilainishi ni kutafuta hela zetu tu.

Bi_Gereji:

Kichwa_Ngumu, umeshasema mwenyewe: la kijivu 😄

Nyeusi_Tii kaka yangu, sabuni ya vyombo iache. Baadhi ya klei zikikutana na sabuni kali zinalegea, zinaanza kukatikakatika na kukuachia utando unaonata kwenye rangi. Kuutoa ni kazi nyingine. Shampuu ya gari isiyo na nta, ikichanganywa na maji isiwe nyepesi sana, inafanya kazi kwa klei nyingi. Soma tu pakiti ya klei uliyonunua, wengine wanakataza na wengine wanaruhusu. Kosa kubwa ninaloliona kwa watu ni kilainishi kidogo. Wanabania utadhani wanapaka manukato. Rangi iwe imelowa kabisa, na klei yenyewe uipulizie pia. Ukisikia inagoma hata kidogo, ongeza, usisukume.

Mimi siku hizi natumia zaidi glovu ya klei, ile yenye uso wa mpira. Inakwenda haraka, na ikianguka chini unaisuuza unaendelea. Donge likianguka, kwaheri, hata kama ni jipya, maana mchanga umeshaingia ndani na hautoki. Ila kwa gari jeusi nakubaliana na Fundi: donge laini ndilo salama zaidi, unaona uchafu wake na unaukunjia ndani.

Nyeusi_Tii:

Asanteni sana, dada na mkuu. Sasa nipeni hatua za kazi yenyewe, maana kwenye video wote wanasugua kwa duara na hakuna anayesema anasimama lini.

Fundi_Mng'aro:

Duara acha. Mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi. Vimistari vikibaki vitakuwa vya upande mmoja na polishi itavifuta kirahisi.

Kwa gari la njia ya reli, usianze na klei. Osha, halafu puliza dawa ya kuyeyusha chuma. Inageuka zambarau inapokutana na zile chembe, na usishangae boneti nzima ikilia machozi ya zambarau. Inanuka vibaya, kiungo chake ni cha ukoo mmoja na dawa za kukunjia nywele, kwa hiyo fanyia mahali penye hewa na uvae glovu. Gari liwe kivulini na bati liwe limepoa. Iache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, isikaukie pale, suuza kwa maji mengi. Penye vidoa vyeusi vya lami tumia dawa ya lami na kitambaa, usiiachie klei hiyo kazi. Lengo ni klei ikute kazi imebaki kidogo. Kila chembe iliyoyeyuka huko nyuma ni chembe ambayo hutaiburuta.

Halafu kata robo ya donge, lililobaki lirudi kwenye kopo lake. Kama ni gumu, litumbukize kwenye maji ya vuguvugu kwanza. Likande liwe bapa la kukaa chini ya vidole vitatu au vinne. Chagua eneo dogo, sentimita 50 kwa 50 inatosha, lowanisha, pitisha. Usikandamize: uzito wa vidole vyenyewe unatosha.

Sasa sikiliza. Mwanzoni vidole vinahisi mtetemo, na kuna sauti, krrr, hafifu lakini ipo. Unapita tena, sauti inapungua. Unapita tena, klei inaanza kuteleza yenyewe kana kwamba hakuna kitu chini yake, kimya. Hapo ndipo unaposimama. Kuendelea baada ya kimya ni kutafuta mikwaruzo. Igeuze klei uitazame: utaona michirizi ya kahawia na vidoti vyeusi. Ikunje uchafu uingie ndani, ikande mpaka upate uso safi, nenda eneo la pili. Siku haina uso safi tena, itupe. Hiyo nayo watu wanaionea huruma bila sababu.

Futa kwa kitambaa laini cha maikrofaiba, kisha vaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi, pitisha vidole taratibu. Nailoni inakuza kila kitu, hata chembe ambayo kiganja kitupu hakiisikii. Papasa kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Nikiona sehemu ni laini tangu mwanzo, siipigi klei kabisa. Kuna watu wanapiga gari zima kila msimu kwa sababu wamesoma mahali kwamba ndiyo ratiba. Mimi nafuata mkono. Paa likiwa laini, naliacha.

Chini ya milango na nyuma ya matairi malizia mwishoni, kwa kipande kingine, hata kama kile cha kwanza bado kizuri.

Bi_Gereji:

Naongeza kwa wengine watakaopita humu: rangi isiyong'aa, ile ya makusudi kutoka kiwandani, usiipige klei. Inaweza kubaki na mabaka yanayong'aa, na hayo hayana polishi ya kuyatibu. Gari lililovishwa stika au filamu ya kulinda rangi, soma maelekezo ya aliyeitengeneza kwanza. Rangi mbichi ya gereji isubiri ikauke mpaka ndani. Na gari la zamani lisilo na klia, ukiona klei imechukua rangi ya gari usipige kelele, ni kawaida, ila uende kwa upole zaidi.

Nyeusi_Tii:

Wakuu, nimerudi. Nimefanya nusu ya boneti kwanza, nusu nyingine nikaiacha nilinganishe. Hiyo dawa ya chuma, aisee, mke wangu alitoka nje kuuliza nini kimeoza. Lakini ile zambarau ilitiririka kweli, sikutegemea.

Upande uliopigwa klei kitambaa kinateleza chenyewe mpaka kinadondoka. Upande wa pili kinasimama pale pale. Ila nikiinama nikatazama kwa pembeni naona huo ukungu mliousema, si mwingi, karibu na ukingo wa mbele. Nipake nta kuufunika? Na je, niendelee na mengine leo au nisubiri?

Fundi_Mng'aro:

Ukingo wa mbele ndio unaopokea kila kitu barabarani, kwa hiyo ndiko chembe zilikuwa nyingi na klei ilichafuka haraka. Ukifika sehemu kama hiyo, geuza uso wa klei mara nyingi zaidi.

Nta itauficha ukungu kwa muda, ikifutika utauona tena. Tumia polishi ya kumalizia, ile isiyo na makali, na sponji laini. Mashine kama unayo, mkono kama huna subira ya kuazima. Jaribu sehemu ndogo kwanza. Ukungu ukitoka kwa polishi laini, usipande daraja la makali zaidi ati kwa sababu chupa ipo.

Endelea na mengine leo kama mwanga unaruhusu, ila usiliache gari hivyo kwa wiki nzima. Klei na polishi vimeondoka na nta ya zamani yote, rangi iko uchi. Mti wako hautakusubiri. Nta au kinga nyingine yoyote ipakwe mapema, na kabla ya kuipaka hakikisha mafuta ya polishi yamefutwa, vinginevyo haishiki vizuri.

Kichwa_Ngumu:

Nimesoma yote kimya kimya. Naenda kununua hiyo mifuko ya nailoni, nione la kijivu linasemaje.

Bi_Gereji:

Linalalamika siku zote, kaka, wewe ndiye ulikuwa husikii.

Nyeusi_Tii:

😂 La mwisho wakuu. Kipande kilichotumika kina uchafu lakini bado kinanata vizuri. Naweza kukimalizia kwenye kioo cha mbele? Waipa zinaruka ruka.

Fundi_Mng'aro:

Ndiyo, kioo ni kigumu kuliko klia, kinavumilia, na utomvu na utando wa barabarani vinatoka vizuri. Kilainishi kama kawaida. Futa na mipira ya waipa, maana mara nyingi uchafu uko huko. Kipande hicho kikishagusa kioo, kiweke kwenye kopo lake peke yake, kipulizie kilainishi kidogo kisikauke, na ukiandike juu "kioo". Kisirudi tena kwenye boneti.